Imani Isiyo ya Nipe Nikupe

Kumtumaini Mungu bila kupatana naye bei ni kumwomba, kumtii na kumtolea pasipo kuifanya imani yenyewe itegemee kitakachopatikana. Mtu wa imani hii haachi kuomba. Huomba mvua, mtoto, kazi, uponyaji, na huenda akaomba kwa machozi usiku kucha. Tofauti kati yake na mwenye kupatana huonekana wanapokosa. Aliyepatana hujiona amedhulumiwa, maana sala, saumu na sadaka zake zilikuwa malipo ya awali. Mwenzake huumia vilevile, pengine hunung'unika na kuhoji, ila hana hati ya madai mkononi. Kama binadamu anaweza kweli kuwa na imani hiyo ni swali la zamani, na katika Biblia halikuulizwa na nabii wala mtume. Aliyeliuliza ni Shetani.

Kitabu cha Ayubu kinaanza na hesabu ya mali na jamaa: kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe, punda 500, wana saba na binti watatu. Mungu anamsifu Ayubu kwa uchaji wake. Shetani habishi kwamba Ayubu ni mwema. Anachohoji ni sababu ya wema huo. Kwa maoni yake Ayubu analipwa, tena analipwa vizuri, na kwa ujira kama huo nani asingekuwa mcha Mungu? Ujira uondolewe, ionekane kama ibada itabaki. Shtaka hilo linamgusa Ayubu, lakini linamgusa Mungu zaidi. Kama Shetani amesema kweli, Mungu hajawahi kupendwa na mtu yeyote. Ana wateja tu.

Marafiki watatu wanaokuja kumfariji, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanaiunga mkono hoja ya Shetani bila kujua. Mafundisho yao ni rahisi kushika: mwema hupata, mwovu hupoteza, kwa hiyo aliyepoteza atafute kosa lake, atubu, na mali itarudi. Katika sura ya 22 Elifazi anamshauri Ayubu waziwazi apatane na Mungu ili mema yamjie. Ni biashara iliyovikwa joho la toba. Ayubu anaikataa, kwa kuwa hataki kukiri dhambi ambayo hakuitenda ili arudishiwe mifugo. Wala haketi kimya. Anailaani siku aliyozaliwa, anataka kusimama na Mungu mbele ya hukumu, anadai kujibiwa. Mwishoni Mungu anawakasirikia marafiki kwa kutosema yaliyo sawa juu yake, na kusema kwamba Ayubu ndiye aliyesema sawa. Wahubiri wengi hupita hapo haraka. Aliyelia na kudai ndiye aliyehesabiwa mwaminifu. Waliotetea kanuni ya malipo ndio walioambiwa watoe sadaka ya kuteketezwa na kuombewa.

Wako wasomaji wanaoona kwamba sura ya 42 inaharibu kila kitu, maana Ayubu anarudishiwa maradufu: kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe, punda 1,000. Je, haya si malipo yaleyale yaliyochelewa? Kitabu chenyewe kinaonyesha vingine. Ayubu alikwisha kunyenyekea katika aya za mwanzo za sura hiyo, akiwa bado majivuni, bila kuahidiwa kurudishiwa hata mbuzi mmoja. Mali ilirudi alipowaombea rafiki zake. Na watoto hawakuwa maradufu: walizaliwa wengine kumi, wala mwandishi hadai popote kwamba hao waliwafidia waliokufa.

Padri Gustavo Gutiérrez wa Peru, aliyefariki mwaka 2024, alichapisha ufafanuzi wake wa kitabu hiki mwaka 1986, nchi yake ikiwa katika umaskini mkubwa na vita vya ndani vilivyowaua wanavijiji wengi wa Ayacucho. Kwake, kiini cha kitabu ni lile swali la Shetani: je, mtu anayeteseka bila hatia anaweza kumwamini Mungu bure? Gutiérrez alijihadhari asiifanye imani hiyo iwe njia ya kuwanyamazisha maskini. Alionyesha jinsi Ayubu, katikati ya maumivu yake, anavyoanza kuwaona wengine walionyang'anywa mashamba na mifugo, na kuwasemea. Tahadhari hiyo ina maana yake. Mafundisho ya kutodai baraka hutoka kwa wepesi mno kinywani mwa mtu aliyeshiba.

Mapatano yenyewe huonekana wazi zaidi katika habari za nadhiri. Yakobo, akimkimbia kaka yake Esau, analala njiani mahali panapoitwa Betheli na kuota ngazi. Katika ndoto hiyo Mungu anamwahidi nchi, uzao, ulinzi na kurudishwa nyumbani, bila sharti lolote. Yakobo anaamka na kuigeuza ahadi kuwa mkataba: Mungu akiwa pamoja naye, akimpa chakula na mavazi na kumrudisha salama, ndipo atakuwa Mungu wake, naye atamtolea fungu la kumi. Alichokwisha kupewa anajaribu kukinunua. Ndivyo alivyoishi. Haki ya mzaliwa wa kwanza aliinunua kwa chakula cha dengu, na miaka 20 aliyoikaa kwa mjomba wake Labani ilikuwa miaka ya kubishania ujira. Mungu hamkemei; anamsubiri. Anaporudi, akiwa na hofu ya Esau kubwa kuliko siku ile ya kukimbia, Yakobo anasali tena, na safari hii hana cha kuahidi. Anakiri kwamba hakustahili hata fadhili ndogo kabisa aliyotendewa, anamkumbusha Mungu neno lake mwenyewe, anaomba kuokolewa. Kwa Esau anatanguliza zawadi ya mifugo zaidi ya 500. Kwa Mungu hatangulizi kitu.

Yeftha hakufika huko. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 11, kinamchora kama mtu wa majadiliano tangu mwanzo: anapatana na wazee wa Gileadi kuhusu ukuu wake kabla ya kukubali kupigana, anatuma wajumbe kujadiliana na mfalme wa Amoni. Kisha Roho wa Bwana anamjilia. Msaada wa vita umekwisha kufika, na ni baada ya hapo ndipo anapoweka nadhiri: akishinda, atakachokutana nacho kikitoka mlangoni mwake kitakuwa sadaka. Anayetoka ni binti yake wa pekee. Hakuna mahali ambapo Mungu aliiomba nadhiri hiyo, au hata kuijibu. Ushindi ulioletwa na Roho ulilipiwa na binti kwa sababu baba hakuweza kuamini kwamba kuna kitu kinachotolewa bila malipo.

Hana, mama wa Samweli, naye aliweka nadhiri: akipewa mtoto wa kiume, atamtoa kwa Bwana. Kwa umbo haina tofauti na ya Yeftha, na kusema kila nadhiri ni hongo ni kumwonea mama huyu. Jambo la kuangalia liko katika aya ya 18 ya sura ya kwanza ya 1 Samweli. Baada ya kumimina moyo wake huko Shilo na kuambiwa na kuhani Eli aende kwa amani, Hana alikula chakula na uso wake haukuwa na huzuni tena. Mimba haikuwa imeingia. Hakuwa na uthibitisho wowote zaidi ya neno la mzee ambaye dakika chache kabla alimdhania mlevi. Na alichoahidi hakikuwa kitu cha pembeni cha kumlipa Mungu, bali mtoto yuleyule aliyeombwa. Aliomba zawadi ili airudishe.

Kuna pia kubembeleza ambako kwa nje kunafanana kabisa na kupatana bei. Abrahamu, akiutetea mji wa Sodoma, anashuka kwa Mungu kutoka wenye haki 50 hadi 45, 40, 30, 20, mwisho 10, kama mnunuzi sokoni. Lakini hatoi chochote upande wake, na anachoomba si chake. Dini ya Kibiblia inaruhusu ukakamavu mkubwa wa kusihi, hasa kwa ajili ya wengine. Isichoruhusu ni kujifanya una kitu ambacho Mungu anakihitaji. Zaburi ya 50 inaieleza hoja hiyo kwa ukali kidogo: wanyama wote wa mwituni na mifugo ya milima elfu ni vya Mungu, na hata angeona njaa asingemwambia mtu.

Agano lenyewe linaanza hivyo. Katika Mwanzo 15 Abramu anawapasua wanyama vipande viwili na kuvipanga. Desturi ya kale, inayotajwa pia katika Yeremia 34, ilikuwa kwamba wanaofunga agano hupita kati ya vipande, kila mmoja akijilaani endapo atavunja. Jua linapotua Abramu anashikwa na usingizi mzito, na tanuru ya moshi pamoja na mwenge unaowaka hupita peke yake. Upande mmoja tu ndio uliofungwa. Masharti ya Sinai yalikuja baadaye, kwa watu waliokwisha kutolewa Misri.

Mwelekeo wa kupatana na Mungu ni wa binadamu wote. Warumi wa kale walijenga ibada yao juu ya kanuni ya kutoa ili kupewa, na nadhiri za makamanda wao wa vita zilikuwa mikataba kamili. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kianglikana kutoka Kenya, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba Mwafrika wa jadi hakumtafuta Mungu kwa ajili ya Mungu mwenyewe. Alitafuta vile anavyovitoa. Wapo waliokataa uamuzi huo, na kwa haki, kwani unawafanya Waafrika waonekane wa pekee katika jambo ambalo Yakobo, Warumi na wahubiri wa Marekani wanashiriki. Methali ya mkono mtupu haulambwi inaeleza vizuri sheria ya jamii zinazoishi kwa kusaidiana: anayepokea hurudisha, anayetaka hutanguliza. Ni sheria nzuri kati ya jirani na jirani. Shida huanza inapopelekwa kwenye sala, kwa kuwa huko kila kilichomo mkononi kimetoka kwa yuleyule anayeendewa.

Katika Injili mapatano yanatajwa kwanza jangwani, na anayeyapendekeza ni Shetani tena. Hapo mwanzo alidai kwamba hakuna anayemcha Mungu bure. Sasa anatoa bei yake mwenyewe, falme zote za dunia kwa kusujudiwa mara moja. Majaribu mengine mawili yanaanza kwa kuhoji kama Yesu ni Mwana wa Mungu kweli, ilhali sauti kutoka mbinguni ilikwisha kulitangaza hilo kwenye ubatizo wake, kabla ya jaribu lolote. Ni mtego uleule wa Betheli: kudai uthibitisho wa kile kilichokwisha kutolewa.

Mfano unaolifafanua suala hili kwa undani zaidi ni ule wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, Mathayo 20. Mara nyingi hufundishwa kama mfano wa wanaochelewa kuokoka, lakini katika Injili unafuata moja kwa moja baada ya swali la Petro, aliyetaka kujua watapata nini wao walioacha vyote. Mwenye shamba anatoka alfajiri na kuwaajiri watu baada ya kupatana nao dinari moja kwa siku. Saa tatu anawaajiri wengine bila kutaja kiasi. Anawaambia tu kwamba atawapa iliyo haki, nao wanaenda. Saa sita na saa tisa ni vivyo hivyo. Wa saa kumi na moja wanatumwa tu shambani. Kwa hiyo katika shamba lile ni kundi moja tu lililokuwa na mkataba, na jioni ni kundi hilohilo lililonung'unika. Hawakupunjwa hata senti. Walipata kile hasa walichopatana, wala hapakuwa na kosa lolote katika hesabu. Waliokwenda kwa neno la mwenye shamba walipata zaidi ya kazi yao, na pamoja na fedha walipata kumjua mwajiri wao ni mtu wa namna gani. Wale wa kwanza walifanya kazi kutwa nzima kwa mtu huyohuyo na jioni walimwona ni dhalimu.

Kaka mkubwa wa mwana mpotevu, katika Luka 15, anasimama karibu nao. Amemtumikia baba miaka mingi bila kukosa amri, na analalamika kwamba hajapewa hata mwana-mbuzi. Jibu la baba ni kwamba vyote alivyo navyo vilikuwa vya huyo kijana siku zote. Mwana aliyekuwa mrithi alijihesabu kibarua, akaweka kumbukumbu ya saa zake za kazi. Mtume Paulo anaiweka hoja hiyo kwa lugha ya kifedha katika Warumi 4: afanyaye kazi hahesabiwi ujira kama neema, huhesabiwa kama deni. Mtu akisisitiza kulipwa, hugeuza zawadi kuwa mshahara, na mshahara una kikomo.

Gethsemane na mwiba wa Paulo yanaonyesha upande wa pili, yaani ombi lililokataliwa. Yesu aliomba kikombe kimwepuke, akarudia ombi lake, na hakikumwepuka. Paulo, kama anavyoeleza katika 2 Wakorintho 12, aliomba mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, akajibiwa kwamba neema inamtosha. Wote wawili waliomba kwa bidii na kwa neno mahsusi. Wale vijana watatu wa Danieli 3, Shadraka, Meshaki na Abednego, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Sentensi yao ina nusu mbili, na mahubiri ya mapatano huishia kwenye ya kwanza.

Ziko aya zinazoonekana kuunga mkono mapatano, nazo hazipaswi kufichwa. Kumbukumbu la Torati 28 inaorodhesha baraka za utii. Waebrania 11:6 inasema Mungu huwapa thawabu wamtafutao. Marko 10 inawaahidi walioacha nyumba na mashamba mara mia katika maisha haya, ingawa katikati ya orodha hiyo yametiwa mateso, neno ambalo wasomaji wengi huliruka. Inayotumiwa kuliko zote ni Malaki 3:10, ambapo Mungu anawaalika watu wamjaribu kwa kuleta zaka kamili ghalani. Muktadha wake ni muhimu. Ghala la hekalu liliwalisha Walawi, na kwa sheria ya Kumbukumbu la Torati 14 zaka ya kila mwaka wa tatu ilikuwa pia ya mgeni, yatima na mjane. Aya tano tu kabla ya mwaliko huo, Malaki anawashtaki wanaomdhulumu kibarua ujira wake na kumwonea mjane na yatima. Taifa lilikuwa limezuia chakula cha watu, na baraka iliyoahidiwa ilikuwa mvua na mazao ya wote. Kuichukua aya hiyo na kuifanya kanuni ya mtu mmoja kuzidisha akiba yake ni kuigeuza kichwa chini miguu juu. Waebrania 11 nayo, sura ileile ya thawabu, inamalizia na watu waliopigwa mawe na kukatwa kwa misumeno, ambao hawakuipokea ahadi hiyo maishani mwao.

Historia ya kanisa imeyumba kati ya makosa mawili. La kwanza ni biashara ya wazi. Tarehe 2 Julai 1505 mwanafunzi Martin Luther alinaswa na radi karibu na Stotternheim, akamwahidi Mtakatifu Anna kwamba atakuwa mtawa akiokoka. Aliitimiza nadhiri hiyo ndani ya wiki chache, akateseka miaka mingi akijaribu kulipa deni ambalo halikuisha. Mwaka 1517 alipopinga uuzaji wa rehema alikuwa akipinga duka ambalo yeye mwenyewe alikwisha kuwa mteja wake mwaminifu, na mwaka 1521 aliandika kitabu dhidi ya nadhiri za kitawa zinazowekwa kama njia ya kujipatia wokovu.

Kosa la pili ni la hali ya juu zaidi na limewanasa watu wema. Augustino wa Hippo alitenganisha vitu vya kutumia na vya kufurahia, akisema Mungu ni wa kufurahiwa, asifanywe chombo cha kupatia kingine. Bernard wa Clairvaux, katika karne ya 12, alitaja ngazi nne: mtu hujipenda kwa ajili yake mwenyewe, kisha humpenda Mungu kwa faida yake, kisha humpenda Mungu kwa ajili ya Mungu, na mwisho hujipenda kwa ajili ya Mungu. Ngazi ya pili hakuidharau. Aliiona kama mahali watu wengi wanapoanzia. Kwa Waislamu, bibi Rabia wa Basra, aliyefariki mwaka 801, anakumbukwa katika masimulizi kwa kutaka kuichoma pepo na kuuzima moto wa jahanamu ili Mungu aabudiwe kwa ajili yake tu. Lakini askofu mkuu Fénelon wa Cambrai alipofundisha, katika kitabu cha mwaka 1697, upendo safi ambao kana kwamba haujali tena hata wokovu wa nafsi, Papa Innocent XII alizikataa sentensi 23 za kitabu hicho mwaka 1699. Sababu inaeleweka. Tumaini ni fadhila ya Kikristo, na mtu asiyetaka tena chochote kutoka kwa Mungu anaweza kuwa amefikia kiburi badala ya unyenyekevu. Sala ya Bwana inaomba mkate.

Katika karne ya 20 biashara ya wazi ilirudi kwa vazi jipya. Mizizi yake iko Marekani, katika maandishi ya E. W. Kenyon (1867–1948) na mahubiri ya Kenneth Hagin (1917–2003) juu ya nguvu ya kutamka kwa imani. Oral Roberts wa Oklahoma aliongeza fundisho la mbegu, alilolieneza kwa kitabu cha mwaka 1970: sadaka ni mbegu, na anayepanda atarajie muujiza wa mavuno. Kwa redio, kaseti, mikutano ya hadhara na baadaye televisheni, fundisho hilo lilifika Afrika Mashariki na kupata msamiati wake: kupanda mbegu, sadaka ya kujimaliza, maji na mafuta ya upako, kufunguliwa kiuchumi. Watu wenye mikopo, wagonjwa wasiomudu matibabu na vijana wasio na ajira hawahitaji kudanganywa sana ili walisikilize. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wanatheolojia wa Kiafrika wa harakati ya Lausanne, waliokutana Akropong nchini Ghana mwaka 2008 na 2009, walikuwa wamekwisha kutoa tamko dhidi ya injili ya mafanikio. Walikubali kwamba ina sehemu ya kweli, yaani Mungu anajali mwili na umaskini, na wakakataa dai kwamba mali ni kipimo cha imani.

Udhaifu mkubwa wa fundisho hilo hauko kwenye fedha. Uko kwenye maelezo ya kushindwa. Mfumo wa malipo hauwezi kukiri kwamba Mungu alikataa, kwa hiyo ombi lisipojibiwa kosa huangukia kwa mwombaji: imani yake haba, mbegu yake ndogo, dhambi yake imefichwa. Mgonjwa wa saratani hubeba ugonjwa na hatia pamoja. Ndicho hasa Elifazi na wenzake walichomfanyia Ayubu. Na anayefanikiwa naye hudhurika kwa namna yake, maana huanza kumwona jirani maskini kama mtu asiyelipa.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu nyingine pia. Wengi wa mashahidi wa Uganda walioteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga akiwa kiongozi wao, walikuwa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga. Utumishi huo ulikuwa njia ya kuelekea uchifu, na kuukana Ukristo kungewaachia njia hiyo wazi. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulijulikana kwa ushuhuda wa toba na kwa Walokole kurudisha mali waliyoiba, wakati mwingine miaka mingi baadaye, kwa mwajiri ambaye hakujua hata kwamba aliibiwa. Kurudisha huko hakukuwa bei ya msamaha. Walirudisha kwa kuwa walijua wamekwisha kusamehewa. Wakati wa Mau Mau wengi wao katika Kenya ya kati walikataa kula kiapo na pia kubeba bunduki za serikali, wakakosa ulinzi wa pande zote mbili. Wengine waliuawa.

Kwa vitendo, imani hii hujengwa na mambo ya kawaida ya ibada. Sala ya Bwana hutanguliza jina, ufalme na mapenzi ya Mungu, kisha huja mkate, bila kuambatanisha ahadi ya malipo. Kifungu chake pekee kinachofanana na sharti kinahusu kuwasamehe watu. Zaburi za maombolezo huwapa waumini maneno ya kulalamika pasipo kuondoka, na ya 88 inaishia gizani bila jibu lolote, nayo ilihifadhiwa hivyohivyo katika kitabu cha sala. Sadaka ya shukrani hutolewa baada ya jambo kutendeka, na katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania asiye na fedha huleta kuku, ndizi au mayai, ambavyo hunadiwa nje ya kanisa ibada ikiisha. Mara nyingi mnunuzi hulipia yai moja bei ya trei nzima, na hurudi nyumbani akijua kwamba amenunua yai moja.